Filamu Nyingi, Chumba Kidogo: Historia ya Kabati la Sinema Nyumbani

Mtu mwenye filamu tano nyumbani hahitaji kabati. Huziweka chini ya televisheni, na maneno yamekwisha. Akiwa na hamsini, hutafuta sanduku. Akifika mia tano, watu wa nyumbani huanza kunung'unika. Akifika elfu moja, chumba kizima kimekwisha kuliwa, na mwenyewe hawezi tena kuiona ile filamu moja anayoitaka jioni hii. Hapo ndipo seremala huitwa.

Tunapenda kuwaeleza habari za kabati hilo: lilianzaje, lilibadilikaje, na watu walitumia akili gani kusudi vitu vingi vikae mahali padogo. Labda mwingine atasema: «Kabati ni mbao na misumari tu, lina historia gani?» Na asubiri kidogo. Mwaka 2013 Maktaba ya Bunge la Marekani ilitangaza uchunguzi juu ya filamu ndefu zisizo na sauti zilizotengenezwa katika nchi ile toka mwaka 1912 mpaka mwaka 1929. Zilikuwa karibu 11,000. Katika kila mia, 14 tu zilikuwa zimebaki nzima katika umbo lake la kwanza. Nyingine 11 zilibaki katika nakala zilizokwenda nchi za nje, au katika nakala ndogo zisizo nzuri sana, na baadhi ya nakala ndogo za namna hiyo ndizo zilizotengenezwa kwa ajili ya nyumba za watu. Katika kila mia, 70 zimepotea kabisa. Basi, mara nyingine kabati la mtu binafsi lilitunza kitu ambacho matajiri wenye filamu wenyewe hawakukitunza.

Katika habari hizi tutaona fundisho moja likirudi mara nyingi. Aliyepunguza nafasi tupu alifanya vema. Bali aliyepunguza kitu chenyewe ili kienee, mara nyingi aliwaachia wengine hasara.

Filamu isiyofaa kulala nyumbani

Ndugu Auguste na Louis Lumière waliwaonyesha watu sinema kwa kiingilio mjini Paris, tarehe 28 Desemba 1895. Filamu zao zilikuwa na upana wa milimeta 35 na urefu wa meta 17 hivi. Kila moja ilikwisha kabla ya dakika moja. Filamu kama hizo kumi zingeweza kukaa katika sanduku dogo. Lakini sinema ilikua upesi. Filamu ya sauti ya dakika 90, yenye upana ule ule wa milimeta 35, ina urefu wa zaidi ya meta 2,400. Huzungushwa kwenye magurudumu kadhaa, na kila gurudumu hutiwa katika kopo lake la bati. Mtu mmoja akiibeba filamu nzima, atatoka jasho.

Tena uzito si ubaya wake mkubwa. Filamu za zamani zilitengenezwa kwa nitrati ya selulosi, na kitu hicho ni jamaa ya baruti. Kikishika moto, hakizimiki kwa maji, kwa sababu chenyewe kina oksijeni ndani yake. Huwaka hata kikizamishwa. Kikikaa sana mahali penye joto huanza kuoza, kisha hugeuka kuwa unga.

Hata hivyo walikuwapo watu waliozipenda filamu hizo kupita kiasi. Mmoja wao alikuwa Henri Langlois, aliyeanzisha pamoja na Georges Franju nyumba ya kutunza filamu iitwayo Cinémathèque française, mwaka 1936. Inasimuliwa kwamba mwanzoni, kwa kukosa mahali, aliyaweka makopo ya filamu katika beseni kubwa la kuogea, nyumbani kwa wazazi wake. Watu hucheka wakisikia habari hiyo, lakini kazi aliyoifanya ilikuwa kubwa. Aliokoa filamu nyingi ambazo wengine walitaka kuziyeyusha. Walakini nitrati haijali upendo wa mtu. Tarehe 10 Julai 1959, filamu za Cinémathèque zilizokuwa uani, katika njia ya Courcelles mjini Paris, zilishika moto, na hazina nyingi zikateketea. Chombo cha filamu ya namna hiyo si beseni wala kabati la nyumbani. Ni ghala la mawe, lenye baridi, mbali na watu.

Sinema inaingia nyumbani

Mafundi walifahamu kwamba sinema haitaingia nyumbani mpaka ipatikane filamu isiyowaka kwa urahisi. Mwaka 1912 kampuni ya Pathé ya Ufaransa ilitoa filamu ya asetati, yenye upana wa milimeta 28, pamoja na mashini yake iliyoitwa Kok. Mashini hiyo ilizungushwa kwa mkono, na mkono ule ule ulitengeneza umeme wa taa yake. Basi hata nyumba isiyo na umeme iliweza kuona sinema.

Mwishoni mwa mwaka 1922 kampuni hiyo ilileta kitu kidogo zaidi: Pathé-Baby. Filamu yake ilikuwa na upana wa milimeta 9 na nusu tu, na ilikaa ndani ya kijisanduku cha chuma kinachoenea katika kiganja cha mkono. Filamu za kwanza hazikupita sana meta 10. Sasa tazameni akili ya mafundi hao. Filamu za siku zile hazikuwa na sauti. Maneno yaliandikwa katika picha, na watu walihitaji sekunde kadhaa za kuyasoma. Filamu ya kawaida ilirudia picha ya maneno mara nyingi sana, na hivyo meta nyingi ziliharibika bure. Pathé-Baby ilikuwa na vichongo pembeni mwa filamu. Mashini ikikuta kichongo, ilisimamisha picha moja muda wa kusoma, kisha ikaendelea. Kwa njia hiyo hadithi ilifupishwa pasipo kukata neno. Huo ndio ubanaji mzuri wa nafasi: walitoa marudio, wakaacha habari.

Kampuni ya Kodak ya Marekani ilifuata mwaka 1923 na filamu ya milimeta 16. Husemwa kwamba upana huo ulichaguliwa kwa makusudi, ili mtu asipasue filamu hatari ya milimeta 35 katikati na kuitumia nyumbani. Maana nusu ya 35 si 16. Kwa milimeta 16, filamu ya sauti ya dakika 90 haifiki hata meta 1,000. Mwaka 1932 ikaja filamu ya milimeta 8, na mwaka 1965 Super 8. 

Filamu hiyo ya milimeta 16 ilifika mpaka kwetu Kongo. Katika miaka ya 1950 Padri Albert Van Haelst, wa shirika la Scheut, alitengeneza huko Kasai sinema za kuchekesha za Matamata na Pilipili, na wazee wengine wanazikumbuka hata leo. Filamu isiyolipuka na mashini inayobebeka ndizo zilizowezesha sinema kuonyeshwa vijijini.

Basi ndipo kabati la filamu lilipozaliwa nyumbani. Lilikuwa sanduku la mbao au la bati, lenye mifereji myembamba, na kila gurudumu la filamu lilisimama katika mfereji wake kama sahani zinavyosimama katika kichanja cha jikoni. Kusimamisha vitu badala ya kuvilundika kuna faida: ukivuta kimoja, huhitaji kuondoa kumi vilivyo juu yake.

Mtu asidhani kwamba vijisanduku hivyo vya nyumbani vilikuwa mchezo wa watoto tu. Katika miaka ya 1950 mvulana mmoja wa shule huko Uingereza, Kevin Brownlow, alipata magurudumu mawili ya milimeta 9 na nusu. Kumbe yalikuwa vipande vya Napoléon, filamu kubwa ya Abel Gance ya mwaka 1927, ambayo ilikuwa imekatwakatwa na kutawanyika. Kijana huyo alianza kutafuta vipande vingine, na kazi hiyo ikawa kazi ya maisha yake. Mwaka 1979 filamu iliyounganishwa upya ilionyeshwa huko Telluride, Marekani, na Gance mwenyewe, mzee wa karibu miaka 90, aliishuhudia. Mwanzo wa yote ulikuwa filamu mbili ndogo zilizotengenezwa kwa ajili ya nyumba za watu.

Hesabu ya rafu iliyopigwa na waziri mkuu

Tuziache filamu kidogo, turudi nyuma, kwa maana hesabu ya kubana nafasi ilipigwa kwanza kwa ajili ya vitabu. William Gladstone alikuwa waziri mkuu wa Uingereza mara nne. Alikuwa na vitabu zaidi ya 30,000 nyumbani kwake Hawarden. Mwaka 1890 aliandika makala juu ya vitabu na namna ya kuvipatia makao.

Shauri lake lilikuwa rahisi. Watu hupanga makabati wakiyaegemeza ukutani, na katikati ya chumba hubaki nafasi tupu. Gladstone alisema makabati yasimame yakitoka ukutani kama meno ya kitana, na vitabu viwekwe pande zote mbili. Alikataa nakshi na mapambo mazito ya seremala, kwa kuwa yanakula nafasi na hayachukui hata kitabu kimoja. Tena vile vitabu visivyosomwa mara kwa mara, alisema vinaweza kutiwa katika makabati yaliyosongamana kabisa, yanayotembea juu ya reli. Mwenye kutafuta kitabu hulivuta kabati moja, hupata njia, kisha hulirudisha.

Makabati ya kuvuta ya namna hiyo yalikuwa yameanza kutumika katika jumba la British Museum mjini London, yapata mwaka 1887. Katika mwaka 1947 Mswisi mmoja, Hans Ingold, alivumbua makabati ya reli yaliyoitwa Compactus, nayo yalienea katika maofisi na nyumba za kutunza nyaraka. Faida yake ni hii: badala ya kuacha njia kati ya kila makabati mawili, huacha njia moja tu, na njia hiyo huhama.

Gladstone hakuona sinema nyingi. Alikufa mwaka 1898. Lakini kila seremala anayetengeneza leo kabati la filamu lenye rafu mbili, ya mbele ikisukumwa kando ili ya nyuma ionekane, anafuata shauri lake, ajue asijue.

Kaseti: haba na haba hujaza nyumba

Mwaka 1975 kampuni ya Sony ya Japani ilitoa Betamax, na mwaka 1976 kampuni ya JVC ikatoa VHS. Mwaka 1977 Bwana Andre Blay wa Michigan, Marekani, alipata ruhusa ya kutia katika kaseti filamu 50 za kampuni ya Fox na kuziuza. Kaseti moja iliuzwa karibu dola 50. Tangu siku ile mtu wa kawaida aliweza kununua filamu kama anavyonunua kitabu. Na mwenye mashini yake aliweza hata kunasa vipindi vya televisheni bila kununua kitu ila kaseti tupu.

Kaseti ya VHS ina urefu wa sentimeta 18 na zaidi, upana wa sentimeta 10, na unene wa sentimeta 2 na nusu. Ukiitia katika ganda lake, hesabu unene wa sentimeta 3. Rafu ya sentimeta 80 huchukua kaseti 26 tu. Kaseti elfu moja huhitaji rafu za meta 30, na uzito wake hupita kilo 200. Waliozoea magurudumu ya filamu walifurahi mwanzoni. Waliona kitu kimekuwa kidogo. Lakini kwa kuwa kimekuwa kidogo na rahisi, walikusanya zaidi. Wahenga walisema: haba na haba hujaza kibaba. Hapa haba na haba ilijaza nyumba.

Mfano mkubwa ni Bibi Marion Stokes wa Philadelphia, Marekani, aliyepata kuwa mtunza maktaba. Tangu miaka ya mwisho ya 1970 mpaka alipofariki mwaka 2012, alinasa habari za televisheni usiku na mchana, mashini kadhaa zikifanya kazi pamoja. Alikusanya kaseti 70,000 hivi. Kwa hesabu yetu ya hapo juu, kaseti hizo zikisimama bega kwa bega hufika zaidi ya kilometa mbili. Hakuna kabati linaloweza kubana mzigo huo katika nyumba moja. Alihitaji nyumba nyingine za kuweka mali yake. Watu wengi walimwona ana wazimu. Walakini yeye aliona kwamba vituo vya televisheni havitunzi vyote vinavyotangazwa. Mwaka 2013 mkusanyo wake ulipokewa na Internet Archive, na watu wa historia wamefurahi.

Bibi huyo alikuwa na fadhila moja iliyomtofautisha na mrundikaji wa kawaida: aliandika katika migongo ya kaseti zake. Bila maandishi yale, kaseti 70,000 zingekuwa plastiki tu.

Seremala na sentimeta kumi na tatu na nusu

DVD ilianza kuuzwa huko Japani mwezi wa Novemba 1996. Ni kisahani chenye upana wa sentimeta 12 na unene wa milimeta 1.2. Lakini ganda lake lilifanywa refu, sentimeta 19, karibu sawa na ganda la kaseti, kusudi lienee katika rafu zile zile za maduka na nyumba. Ukilipima kutoka mgongoni kwenda ndani, lina sentimeta 13 na nusu, na unene wake ni milimeta 14 au 15. Basi DVD elfu moja huhitaji rafu za meta 14 au 15: nusu ya kaseti.

Hapa ndipo seremala mwenye akili huonekana. Makabati mengi ya dukani yametengenezwa kwa vitabu. Billy, kabati la kampuni ya IKEA ya Sweden lililochorwa na Gillis Lundgren na kuuzwa tangu mwaka 1979, lina kina cha sentimeta 28. Ni kabati jema kwa vitabu. Ukipanga DVD ndani yake, nusu ya nyuma ya kila rafu hukaa tupu, ikikusanya vumbi. Tena ukiacha kati ya rafu na rafu nafasi ya kitabu kikubwa, sentimeta 30 au zaidi, juu ya kila DVD hubaki hewa ya zaidi ya sentimeta 10. Mtu anasema: «Kabati langu limejaa!» Kumbe limejaa hewa.

Sasa tupige hesabu. Tuseme seremala anatengeneza kabati lenye kimo cha meta 2, upana wa sentimeta 80, na kina cha sentimeta 15 tu. Kutoka rafu moja mpaka nyingine anaweka sentimeta 22, pamoja na unene wa ubao. Atapata rafu 9. Kila rafu huchukua DVD 55 hivi. Jumla ni karibu 500. Makabati mawili ya namna hiyo hubeba filamu elfu moja, nayo hayatoki ukutani kuliko urefu wa kiganja cha mkono. Yanaweza kukaa nyuma ya mlango, katika ujia, au kando ya dirisha, mahali ambapo kabati la kawaida lisingeruhusu mtu kupita.

Lakini kabati jembamba na refu lina hatari mbili. Ya kwanza ni kuanguka. Ni lazima lifungwe ukutani kwa chuma, hasa kama wako watoto wanaopenda kupanda. Ya pili ni kupinda kwa rafu. Wengine hutaka rafu ndefu bila nguzo katikati, kwa kuwa zinapendeza macho. Wajue kanuni ya mafundi: mzigo ukitandazwa sawasawa, rafu ikirefushwa mara mbili hupinda mara 16, bali ubao ukifanywa mnene mara mbili, kupinda hupungua mara 8. Kwa hiyo sentimeta 80 ni kipimo cha busara, na nguzo ya katikati si aibu.

Njia nyingine za kubana nafasi ni tatu. Kuna droo za kuvuta, ambamo DVD husimama na migongo yake huangalia juu. Hizo hufaa chini ya kitanda au chini ya benchi. Kuna kabati lenye safu mbili, ya mbele ikienda juu ya reli. Na kuna rafu zilizopigiliwa ndani ya mlango wa kabati. Hizo zahitaji bawaba zenye nguvu, maana DVD mia moja huwa na uzito wa kilo 10 hivi.

Kutupa maganda

Kisha ikaja hila ya nne: kulitupa ganda. Kisahani chenyewe ni chembamba sana. Kampuni ya Netflix ya Marekani, iliyoanza kukodisha DVD kwa posta mwaka 1998, ilizituma bila ganda, katika bahasha nyepesi, na iliendelea hivyo mpaka tarehe 29 Septemba 2023. Watu waliona, wakaiga. Ukitia kisahani pamoja na karatasi yake ya picha katika mfuko mwembamba, filamu elfu moja hukaa katika droo za meta 2 au 3 tu. Pale palipohitaji makabati mawili, sasa panatosha meza ndogo yenye droo.

Wengine walikwenda mbele zaidi, wakanakili filamu zote katika diski ya kompyuta. DVD yenye tabaka mbili huchukua gigabaiti 8 na nusu. Diski ya gigabaiti 4,000, isiyozidi kitabu cha sala kwa ukubwa, inaweza kumeza DVD zaidi ya 450. Na wengine hawana kitu kabisa nyumbani; hulipa kila mwezi na kutazama kwa njia ya intaneti.

Je, ndio mwisho wa kabati? Hatusemi hivyo. Kila hatua ina bei yake. Anayetupa ganda pamoja na karatasi yake hutupa majina ya waigizaji, mwaka, na maelezo. Diski ya kompyuta ikiharibika siku moja, filamu 450 hufa pamoja. Ndiyo sababu wenye hekima huwa na diski ya pili, nyumba nyingine. Na filamu ya intaneti inaweza kuondolewa na mwenye nayo bila kukuuliza.

Tena yafaa tukumbuke habari ya Metropolis, filamu ya Fritz Lang. Ilionyeshwa mara ya kwanza mjini Berlin katika Januari 1927, kisha ikakatwa, na vipande vilivyokatwa vikadhaniwa vimepotea milele. Huko Argentina mpenda filamu mmoja, Manuel Peña Rodríguez, alikuwa na nakala ndefu katika mkusanyo wake. Ilikuwa ya nitrati. Baadaye, kwa kuogopa moto, nakala hiyo ilihamishiwa katika filamu ya milimeta 16, na ile ya nitrati haikutunzwa. Mwaka 2008 ilitambuliwa katika jumba la makumbusho ya sinema la Buenos Aires. Dunia ilifurahi: dakika 25 hivi zilirudi, na filamu ikaonyeshwa upya mwaka 2010. Lakini picha zile zina mikwaruzo isiyofutika, na pembeni zimekatwa, kwa kuwa filamu ndogo haikuenea picha nzima. Waliopunguza hatuwalaumu, bila wao tusingekuwa na kitu. Walakini kilichopunguzwa hakikurudi.

Kabati la Oslo

Tumalize historia kwa kabati moja lisilo na sifa ya useremala. Mwaka 1928 Carl Theodor Dreyer, mtu wa Denmark, alitoa filamu juu ya mateso ya Mtakatifu Yoana wa Arc, ambaye Papa Benedikto wa kumi na tano alikuwa amemtangaza mtakatifu mwaka 1920. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule filamu mama iliungua huko Berlin. Dreyer alitengeneza nyingine kwa kutumia picha zilizobaki. Alikufa mwaka 1968 akiamini kwamba kazi yake ya kwanza imepotea.

Mwaka 1981, katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dikemark, karibu na mji wa Oslo huko Norwe, yalionekana makopo ya filamu ndani ya kabati. Kumbe ilikuwa nakala ya Yoana wa Arc, sawa na ilivyotoka mkononi mwa Dreyer kabla wakaguzi hawajaikata. Baridi ya kaskazini iliisaidia nitrati isioze, na makopo yalibaki yamefungwa. Hakuna aliyeilinda kwa makusudi, lakini pia hakuna aliyeitupa ili kupata nafasi ya mifagio.

Mambo ya kushika

Basi, anayetaka kumwita seremala, na achukue maneno haya manne.

Kwanza, pima kitu kabla ya kupima ukuta. Kina cha rafu kifuate kina cha ganda, sentimeta moja au mbili zaidi. Hewa ndiyo ya kupunguzwa.

Pili, tenga kinachotazamwa na kinachotunzwa. Filamu za kila wiki zikae mbele ya macho. Zile za mara moja kwa mwaka zikae katika safu ya nyuma au katika droo za chini.

Tatu, angalia joto na unyevu. Katika nchi zetu jambo hili ni kubwa kuliko Ulaya. Kabati lisigusane na ukuta wenye maji, wala lisipigwe na jua. Kaseti na visahani visimame, visilale. Kaseti zisikae karibu na vipaza sauti, maana vina sumaku. Mwenye filamu za zamani za asetati azinuse: zikitoa harufu ya siki, zimeanza kuoza, na kuzifungia katika chombo kisichopitisha hewa huongeza ugonjwa. Zitengwe na nyingine, na zinakiliwe upesi.

Nne, andika. Wahenga wamesema: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari moja lenye jina la filamu, mwaka wake, na namba ya rafu huokoa nafasi kuliko mbao zote, kwa sababu mtu asiyejua alicho nacho hununua kitu kile kile mara mbili. Tena filamu za arusi, za ubatizo, na za wazee waliokwisha kufariki, haziuzwi dukani. Hizo ziandikwe kwanza, na majina ya watu wanaoonekana yaandikwe wakati bado wapo wanaowatambua. Kazi hiyo haihitaji seremala. Inahitaji jioni moja, kalamu, na mzee mmoja mwenye kumbukumbu nzuri.